Ligi imesimama, matawi yapande Lushoto

Msimu ukiisha, shabiki wa soka wa nchi hii hubaki kama mtu aliyetoka msibani. Jumamosi inafika, saa 10 jioni inapita, hakuna mechi. Anafungua redio, anakuta tetesi za usajili. Anapita kijiweni, tetesi zile zile, safari hii zimeongezwa chumvi. Kuna straika kashushwa uwanja wa ndege usiku wa manane kavaa kofia, kuna beki kagoma kusaini. Jua linazama jamaa yuko pale pale kwenye benchi la muuza kahawa, kashata mkononi, siku nzima hajatembea hata mita 500.

Na huyo ndiye aliyekuwa jukwaani msimu mzima akimfokea winga wa watu: "Kimbia! Pumzi huna?"

Swali hilo la pumzi lingefaa lirudishwe kwake. Mechi ya watani ikikaza, si jambo geni kuona watu wa huduma ya kwanza wakipanda jukwaani na machela badala ya kuingia uwanjani. Kuna anayeshika kifua dakika ya 88, kuna anayeishiwa nguvu kwenye ngazi tu za kwenda kwenye kiti chake. Presha, kisukari na kitambi vimeingia matawini kimya kimya, na ni nadra kukuta tawi limeviweka kwenye ajenda ya mkutano. Ajenda ni jezi mpya, basi la ugenini na nani kala hela ya mchango.

Sasa kuna wiki kadhaa kabla ya Simba Day na Wiki ya Mwananchi. Hakuna mechi ya kukimbilia wala basi la ugenini la kuchangia. Matawi yatumie Jumamosi moja, moja tu, kupanda Lushoto na kutembea kwa miguu kutwa nzima.

Njia yenyewe mashabiki wengi wanaijua nusu. Wale wa Dar es Salaam wanaokwenda kuwafuata Wagosi wa Kaya, Coastal Union, pale Mkwakwani, wakifika Segera hukunja kulia kwenda Tanga mjini, wanatazama mpira, wanarudi usiku ule ule huku nusu ya basi imelala na nusu inamlaumu kocha. Wangenyoosha pale Segera wangepita Korogwe, wakafika Mombo, na hapo wangekunja kulia kupanda milima ya Usambara Magharibi. Mashabiki wa Arusha na Moshi nao hupita Mombo kila wanaposhuka Dar kwa mechi kubwa. Wananunua maji, wanachimba dawa, wanaondoka. Mlima uko juu ya vichwa vyao na hawauangalii.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, lami tupu, lakini si lami ya kulala. Gari linapanda takriban mita 1,000 kwa kona mfululizo, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo na mto upande wa pili. Joto la Mombo linabaki chini kama vile kuna mtu kazima jiko. Katikati ya safari kuna Soni, penye maporomoko ya maji yanayoonekana kutoka barabarani, na vijana wenye ndoo za plamsi, peasi na pichesi wanaolizunguka gari kabla halijasimama vizuri. Hapo mwenye busara ananunua matunda na kufungua begi kutafuta sweta.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa bondeni kama mpira kwenye mikono ya kipa, milima pande zote. Uko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walipoukuta ubaridi wake waliupenda, wakaupa jina la Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Jina likaondoka nao. Ubaridi upo, na Juni na Julai unazidi, ndiyo sababu shabiki anayedhani jezi ya mikono mifupi inatosha atajuta saa 12 asubuhi.

Kwa anayeanza, safari ni moja: Irente. Ni mwendo wa kilomita 5 au 6 kutoka mjini, unapita kijiji cha Yoghoi, mashamba ya mahindi na maharage, vijumba vya matofali, miti ya matunda uani. Njia si ya kutisha, lakini ina vile vipandio vifupi vifupi vinavyomkuta mtu akiongea na kumkatisha sentensi. Ndani ya nusu saa kundi lililoondoka likiimba nyimbo za klabu huwa kimya. Wanaosikika ni watoto wanaopita mbio kwenda dukani, na mama mwenye tenga la kabichi kichwani anayewapita wote huku akisalimia. Huyo mama hajawahi kupelekwa kambini nje ya nchi.

Njiani kuna shamba la Irente, maarufu kwa jibini, jemu na mkate wake. Wengi hupumzika hapo, na si vibaya. Kisha unatembea tena kidogo, miti inafunguka, na ardhi inaisha.

Inaisha kweli. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, kama mita 1,000 hivi, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Barabara kuu ya kwenda Moshi inaonekana kama uzi, malori juu yake kama viberiti, reli nayo ipo pale pale jirani. Baada ya hapo ni tambarare ya nyika mpaka macho yanachoka. Ile barabara ambayo shabiki ameipita mara 20 akiwa amelala dirishani, leo anaitazama kutoka juu. Watu wengi hukaa chini bila kuambiwa. Hata wale wa kijiweni wenye maneno mengi hunyamaza kidogo, ingawa haichukui muda atapatikana mmoja wa kuuliza kama mtandao unashika.

Safari ya pili ni ya wenye miguu. Magamba iko kaskazini mwa mji, na juu yake kuna msitu wa asili unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Humu kilele kinapita mita 2,000, na mtu wa pwani ataligundua hilo kifuani kabla ya kuambiwa. Njia ni ya udongo, mizizi na majani yaliyolowa, ukungu unaingia na kutoka bila hodi. Kuna mikulo mikubwa ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizungushi. Kuna ndege ambao duniani kote hawapatikani nje ya milima hii. Na ukiwa na bahati, juu ya matawi kuna mbega, weusi wenye mabega na mikia myeupe, rangi za TP Mazembe kabisa. Wanaruka mti hadi mti kwa wepesi ambao beki yeyote wa kati wa ligi yetu angeuonea wivu.

Magamba si ya kila mtu. Ni kutwa nzima ya kupanda na kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Kupanda kunakata pumzi, mtu anasimama, pumzi inarudi. Kushuka kunakula mapaja na magoti taratibu, hakuna kelele, na bili inaletwa kesho yake asubuhi mtu anapotaka kuinuka kitandani. Makocha wa viungo wanaijua siri hiyo. Msuli unaofanya kazi ya kumzuia mtu asiporomoke ndio ule ule anaoutegemea winga anapokimbia kasi na kusimama ghafla. Wenye presha, wenye moyo na waliokaa miaka bila mazoezi waanzie Irente, na kabla ya hapo wapite kwa daktari. Kuchagua Magamba kwa sababu tawi la mtani limechagua Magamba ni ushabiki wa kijinga.

Kwa waliobakiza siku moja zaidi, Soni nayo ina vilima vyake vya kutembea nusu siku. Hayo yanatosha kuhusu Soni.

Soka letu na Lushoto si wageni kwa wageni. Mwaka 2015 Simba, ikiwa chini ya Mwingereza Dylan Kerr, ilipandisha kikosi huko kujiandaa na msimu kabla ya kwenda Zanzibar. Watani watakumbusha haraka kwamba msimu ule ubingwa ulikwenda Jangwani, Azam ikawa ya pili, Simba ya tatu, na Kerr mwenyewe hakufika mwisho wa msimu. Ni kweli yote. Mlima haufungi mabao. Lakini toka wakati huo mtindo umebadilika, kambi imekuwa ni pasipoti. Simba imekwenda Uturuki na Misri, Yanga imekwenda Morocco na Afrika Kusini. Klabu zenye uwezo ziende, kule kuna viwanja vizuri na mechi za kirafiki ambazo Lushoto haiwezi kuzitoa, na hakuna sababu ya kudanganyana.

Wala isisemwe kwamba Lushoto ni Iten. Kule Kenya wanariadha wanaishi na kufanya mazoezi kwenye mita 2,400, na hewa yenyewe ni sehemu ya mazoezi. Mji wa Lushoto haufiki huko. Inachotoa Lushoto ni miteremko isiyoisha, ubaridi unaomruhusu mtu kufanya tizi saa 8 mchana, na utulivu ambao mchezaji wa Dar haupati hata akizima simu. Timu za vijana na timu za wanawake, ambazo mara nyingi hazimo kwenye orodha ya wanaopanda ndege, zingepata hapo wiki mbili za maana kwa bei ya basi na nyumba za wageni. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1986 ubingwa wa Bara ulichukuliwa na Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani kule Rungwe. Hakuna anayedai ni vilima vilivyofunga yale mabao, ila hakuna aliyewahi kusikika akisema viliwazuia.

Turudi kwa mashabiki, maana ndio wengi na ndio wanaosahaulika kila mipango ya afya ya michezo inapotajwa.

Tawi la mashabiki lina kitu ambacho vikundi vingi vya mazoezi mjini vinakililia: watu wanaojitokeza. Likitangaza basi linaondoka saa 10 alfajiri, saa 9 na nusu watu wapo, na vuvuzela ziko tayari. Lina mweka hazina, lina kundi la simu, lina mzee mmoja ambaye kila mtu anamwogopa. Hizo ndizo nyenzo za safari ya mlimani. Kosta moja, watu 25, usiku mmoja kwenye nyumba za wageni za Lushoto, siku ya kutembea, kesho yake kurudi. Gharama yake haiko mbali sana na mechi moja ya ugenini mkoani, na huku hakuna namna ya kufungwa bao la dakika ya 90.

Ila iende kwa utaratibu, maana mashabiki kwa fujo wanajulikana. Kundi liwe na mwongozaji wa pale pale. Lushoto ina vijana waliosomea kazi hiyo, wanaijua njia, wanajua ukungu ukishuka mtu asimame wapi, na wanawajua wenye mashamba ambao njia inapita mlangoni kwao. Tabia ya kusema "mwongozaji wa nini, si tunafuata njia tu" ndiyo inayowaweka watu msituni hadi saa 2 usiku na tochi ya simu yenye chaji asilimia 9. Halafu kuna hesabu nyingine. Kijana huyo akilipwa na makundi manne ya Watanzania kwa mwezi, hana haja ya kukaa kumsubiri Mzungu mmoja. Utalii wa ndani unaohubiriwa kila siku ndio huo, pesa ya shabiki wa Temeke inayoingia mfukoni mwa kijana wa Yoghoi bila kupita kwa mtu mwingine.

Kuingia msitu wa Magamba kuna kibali na ada, na mwananchi halipi sawa na mgeni. Ilipwe. Kupenya kwa njia ya panya ili kuokoa hela ya soda mbili ni aibu kwa watu wanaomlalamikia kila siku anayeingia uwanjani bila tiketi.

Pale Irente ukingo haujui utani. Mtu akitaka picha na bendera ya klabu apige akiwa amekaa, hatua kadhaa kutoka mwisho wa mwamba, na asijaribu kurudi nyuma huku anaangalia simu. Pombe ibaki mjini mpaka jioni. Chupa za maji zirudi ndani ya begi zilimotoka, kwa sababu yale yanayoachwa jukwaani yana watu wa kuyafagia, ya mlimani hayana. Na pichesi linaloning'inia juu ya njia lina mwenyewe, hata kama hakuna mtu karibu.

Viatu ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Ndala hazifai, yeboyebo hazifai, na zile raba nyeupe za kutokea siku ya mechi zitarudi zikiwa nyekundu kwa udongo, jambo ambalo kwa shabiki wa Yanga lina maumivu ya ziada. Raba yoyote ya zamani yenye meno chini inatosha. Begi dogo, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, koti la mvua, sweta, kitu cha kula. Mwenye kasi ndogo ndiye atembee mbele na mwongozaji. Kanuni hiyo waongozaji wanaijua, na ndiyo ngumu zaidi kwa mashabiki, kwa sababu katika kila tawi yupo mmoja lazima atake kuwa wa kwanza kufika.

Upande wa pili, halmashauri na TFS nao wana kazi. Mgeni anayeshuka stendi ya Lushoto kwa mara ya kwanza anatakiwa akute bao kubwa lenye ramani ya njia, muda wa kila moja, bei za viingilio na mahali pa kuwapata waongozaji, vyote kwa Kiswahili. Mtanzania anayefika bila kumjua mtu asilazimike kuulizia kwa dereva wa bodaboda, ambaye jibu lake siku zote litakuwa "panda nikupeleke." Bao la namna hiyo halihitaji mfadhili. Linahitaji fundi seremala, rangi na wiki moja.

Viongozi wa klabu zenyewe wakitaka kusaidia, wawape wachezaji wawili wa zamani nauli wapande na matawi. Mkongwe mmoja aliyewahi kuvaa jezi ya klabu, akitembea na watu wake kutoka mjini hadi Irente, atasikilizwa kuhusu chumvi, sigara na vipimo vya presha kuliko mabango yote ya hospitali. Na wakipenda, Simba na Yanga wapande siku moja. Wa mwisho kufika kwenye mwamba, tawi lake linunue chai na mkate kwa wote, na mabishano yaendelee njia nzima ya kurudi kama pumzi itakuwepo.

Muda si mrefu. Agosti ikiingia, jezi mpya zitakuwa madukani na mashabiki watarudi jukwaani. Oktoba vuli zinaanza na njia za udongo zinakuwa sabuni. Makatibu wa matawi wanaotaka kwenda wapige simu Lushoto sasa, waulize vyumba, waulize mwongozaji, kisha ndipo watangaze mchango kwenye kundi. Wakitangaza kwanza, watu 40 watasema wanakwenda na watalipa 11.